Mteja wa Kwanza wa Tiba ya Mazungumzo: Mwongozo kwa Mnasihi Anayeanza Mwanza

Kila kundi jipya likimaliza mafunzo, maswali ni yaleyale. Naanzaje? Nikae na mtu kwa muda gani? Akisema amechoka kuishi nafanyaje? Akiniomba hela? Nimeyajibu koridoni, kwenye simu na hata ndani ya daladala ya Buhongwa. Sasa nayaweka hapa.

Mwongozo huu ni wako kama wewe ni muuguzi, afisa ustawi wa jamii, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mhitimu wa saikolojia ambaye umeshafundishwa, ila hujawahi kufunga mlango ukabaki peke yako na mteja. Kama mafunzo bado, anza na mafunzo. Anayetaka kufika mbali kitaaluma kuna shahada ya uzamili ya saikolojia tiba pale Muhimbili, Dar es Salaam. Lakini kazi kubwa ya kila siku, ile ya watu wenye sonona ya kawaida (huzuni nzito isiyoisha), wasiwasi na mawazo ya maisha, duniani sasa inakabidhiwa watu kama wewe, kwa sababu madaktari wa magonjwa ya akili hawatoshi na hawatatosha kesho.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe navyo mkononi. Ahadi ya kuvipata haihesabiki.

- Mafunzo ya njia moja ya tiba inayojulikana, yenye kitabu chake cha hatua kwa hatua. Semina ya asubuhi moja yenye soda na bahasha siyo mafunzo.
- Msimamizi aliyekubali kukusikiliza kila wiki.
- Chumba kisichovujisha sauti. Zahanati nyingi kuta zake haziishii kwenye paa, na dari ikiwa ya kubahatisha maneno yanapita juu. Kijaribu hivi: mweke mwenzako chumba cha pili, wewe soma gazeti kwa sauti ya kawaida, kisha muulize amesikia nini. Akikutajia habari, tafuta sehemu nyingine. Chini ya mwembe mbali na foleni panafaa kuliko ofisi inayosikika.
- Viti viwili vya kimo kimoja. Meza isogezwe pembeni.
- Fomu ya ridhaa, dodoso la PHQ-9 la Kiswahili (maswali ya kupima dalili za sonona), mafaili yenye namba badala ya majina, na kabati lenye kufuli. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo daftari la mteja halilali kwenye mkoba wako wala halipigwi picha.
- Orodha ya rufaa: huduma za afya ya akili Bugando, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, ustawi wa jamii wa halmashauri yako, dawati la jinsia na watoto la polisi, 116 kwa masuala ya watoto, 112 kwa dharura. Za ofisini zipige mwenyewe wiki hii. Utashangaa ngapi hazipokelewi, na ni heri ushangae sasa kuliko mteja akiwa mbele yako.

1. Chagua njia moja, ushikane nayo

Kwa anayeanza, mimi napendekeza PM+ (Problem Management Plus) ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2016. Ni vikao 5 vya mtu mmoja mmoja, kimoja kwa wiki, kila kimoja dakika 90. Iliandikwa kwa ajili ya wasaidizi wasio wataalamu wa magonjwa ya akili, ikapimwa Peshawar nchini Pakistani, na Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili. Ndani yake kuna mambo manne tu: kupumua taratibu, kushughulikia matatizo, kurudi kwenye shughuli, na kuimarisha watu wa karibu.

Ukifanya kazi na vikundi, kuna tiba ya kikundi inayoshughulikia msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Ilijaribiwa kwenye vijiji vya Rakai na Masaka, Uganda, upande wa pili wa ziwa letu hili, matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Toleo la Shirika la Afya Duniani lina vikao 8. Kwa watoto waliofiwa na wazazi ipo tiba ya kiwewe (jeraha la akili linalobaki baada ya tukio zito) iliyopimwa Moshi na Bungoma, Kenya, matokeo yakatoka mwaka 2020, na waliotoa huduma walikuwa washauri wa kawaida tu. Zimbabwe nako, tangu Dkt. Dixon Chibanda aanzishe Benchi la Urafiki mwaka 2006, wanaokaa kwenye benchi kuwasikiliza watu ni akina bibi.

Kosa la kawaida: kuchanganya. Dakika kumi za utoto wa mteja, dakika kumi za mistari ya Biblia, tano za kupumua, kisha nasaha ya ndoa. Kikao cha namna hiyo kinakuchosha wewe na kumwacha mteja hajui aende nyumbani kufanya nini.

2. Pata msimamizi kabla ya mteja

Tazama tena mifano ya hapo juu. Si wote waliotoa huduma walikuwa na shahada, na kila mahali walikuwa na mtu wa kuwasikiliza na kuwasahihisha. Cheti kinaonyesha ulihudhuria. Anayekugeuza kuwa mtabibu ni yule unayempelekea kazi yako kila wiki naye akakwambia, "Hapa ulimkatiza. Hapa ulikimbilia kumpa jibu kwa sababu wewe ndiye uliyeogopa."

Kubalianeni siku na saa isiyohamahama. Msimamizi akiwa Dar au Moshi, simu inatosha. Nenda na vitu vitatu: alama za PHQ-9 za kila mteja, dakika tano za kikao zilizorekodiwa kwa ridhaa ya maandishi ya mteja, na swali moja linalokuumiza kichwa. Usiende na hadithi ndefu ya maisha ya mteja. Msimamizi anataka kusikia wewe ulisema nini.

Jina la mteja, mtaa wake, kazi yake ya pekee: havitajwi kwenye kundi la WhatsApp hata kama ni la wataalamu watupu. Mwanza ni jiji, lakini ukisema "mwalimu mkuu wa kike wa shule fulani ya Igogo" umeshamtaja.

3. Fanya igizo mpaka uchoke

Mwenzako awe mteja, wewe mnasihi, wa tatu aangalie na kuandika. Badilishaneni. Anayeangalia ahesabu mara ngapi umetoa ushauri bila kuombwa na mara ngapi umemkatiza. Anza na mteja mpole, kisha msumbufu, kisha yule anayejibu "sijui" kwa kila kitu. Huyu wa mwisho ndiye utakayekutana naye Jumatatu.

4. Mchuje mteja kabla ya kumpokea

Si kila anayeletwa ni wako. Anayesikia sauti wengine wasizozisikia, anayeanguka kifafa, aliyezama kwenye gongo kiasi kwamba asubuhi mikono inatetemeka, na mwenye mpango wa kujiua: hao wape rufaa siku hiyohiyo. Aliye chini ya miaka 18 muachie aliyefundishwa tiba ya watoto.

Halafu mwili. Uchovu, usingizi mbovu na kukosa hamu ya kula vinaweza kuwa sonona, na vinaweza kuwa malaria, upungufu wa damu au tezi ya shingo. Kichocho nacho usikisahau, maana huku kando ya ziwa tumekizoea mno hata hatukitaji. Mwanamke aliyejifungua karibuni muulize hilo mapema. Apimwe kwanza, kisha mwanze vikao.

5. Kikao cha kwanza: sema mipaka ya siri kabla hajasema siri

Msalimie kama unavyomsalimia mtu wa rika lake nyumbani. Mzee mpe shikamoo yake, mama wa makamo mwite mama. Umri wako mdogo hautakuangusha. Kinachoangusha ni kijana wa miaka 25 kumwita mama wa miaka 60 kwa jina kwa sababu alisoma kwamba mteja na mnasihi ni sawa.

Kisha maneno haya, kwa lugha yako: "Tutakayoongea hapa yanabaki hapa. Mumeo hataambiwa, wala mchungaji, wala mwenyekiti wa mtaa. Kuna hali chache ambazo nitalazimika kumshirikisha mtu mwingine: nikiona maisha yako yako hatarini, au ya mtu mwingine, au kuna mtoto anayeumizwa. Na nikifika hapo nitakwambia wewe kwanza. Pia nina mwalimu wangu ninayejifunza kwake. Namweleza kazi, simwelezi jina lako."

Mwache aseme kilichomleta. Wengi wataanza na kichwa, moyo kwenda mbio, mgongo, "mawazo yamenizidi". Usikimbilie kumwambia ana sonona. Tumia maneno yake mwenyewe kikao kizima.

PHQ-9 ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu linapewa 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Alama 10 na kuendelea ni dalili kwamba kuna jambo la kushughulikia, siyo hukumu ya ugonjwa. Msomee polepole huku mnatazamana. Asiyejua kusoma asijione yuko kwenye mtihani.

Malizia na kupumua taratibu: mkono tumboni, vuta hewa kwa hesabu ya tatu, itoe kwa hesabu ya tatu. Fanyeni pamoja dakika kadhaa, na hilo ndilo zoezi lake la wiki.

6. Uliza kuhusu kujiua, na uulize waziwazi

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Wanaoanza wanaogopa kwamba kuuliza kutampa mtu wazo. Hakumpi; mara nyingi anashusha pumzi kwa sababu hatimaye kuna mtu ameuliza. Kuna hofu nyingine ya kwetu: Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu wanalijua hilo, kwa hiyo wanaficha. Usiulize kama askari.

Swali la tisa la PHQ-9 linagusa mawazo ya kufa. Jibu lolote zaidi ya sifuri, usiendelee na jingine. Uliza kwa mpangilio huu:

a) "Umewahi kufikiri afadhali ufe, au kujiua?"
b) "Wiki hii je? Leo?"
c) "Umefikiria utafanyaje?"
d) "Hicho kitu unacho nyumbani?"
e) "Umewahi kujaribu?"
f) "Kitu gani kimekuzuia mpaka leo?"

Mawazo bila mpango wala nia: mjulishe msimamizi siku hiyo, mkubaliane na mteja nani wa kumpigia usiku, endelea na vikao huku ukiuliza kila wiki. Akiwa na mpango au nia ya kufanya karibuni: usimwache peke yake, hata kwenda chooni asindikizwe, mpigie msimamizi, na mfikishe hospitali akiwa na mtu.

Swali la (d) lina uzito wake huku. Kwimba, Magu na Misungwi ni nchi ya pamba, na dawa ya kunyunyizia pamba inakaa chini ya uvungu. Kwa ridhaa ya mteja, ndugu aiondoe nyumbani leo, siyo "akipata nafasi".

Kosa la kawaida: "Lakini huwezi kufanya jambo kama hilo, si ndiyo?" Ukiuliza hivyo, umeshamwambia ajibu hapana.

7. Shughulikia tatizo moja, mpaka mwisho

Kikao cha pili. Mteja aorodheshe matatizo yake yote, wewe andika. Yagawanyeni: yanayoweza kuguswa, yasiyoweza kubadilishwa, na yasiyo na uzito. Kisha achague moja linaloguswa, dogo kiasi cha kuonekana limesogea ndani ya wiki.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Masika yamemkuta na mzigo umetandazwa, dagaa wamelowa. Ana mkopo wa kausha damu, usiku hapati usingizi, anajificha wakopeshaji wakija, ameacha kwenda kwenye kikoba kwa aibu.

Akisema "tatizo langu ni maisha", hilo halishikiki. Endelea kuuliza mpaka lipate siku na kiasi: "Ijumaa hii natakiwa kupeleka rejesho na ninayo nusu tu." Hapo mmefika.

Sasa mawazo ya kutatua, yote, hata ya ovyo. Kutoroka kwenda Geita. Kuuza simu. Kuuza dagaa walioloa kwa wanaotengeneza chakula cha kuku. Kumwambia ukweli mwenyekiti wa kikoba. Kwenda kwa mkopeshaji kabla ya Ijumaa na nusu mkononi. Andika bila kukunja uso. Yatoke kwake. Akikwama, muulize: "Jirani yako angekuwa na shida hii, ungemwambia afanye nini?" Utaona anavyokuwa mwerevu ghafla.

Pitieni kila moja: litasaidia nini, litaharibu nini. Achague. Kisha mpango wenye siku, saa, mahali na mtu: "Jumatano saa nne asubuhi naenda na dada yangu kwa mnunuzi wa chakula cha kuku. Alhamisi napeleka kilichopatikana kwa mkopeshaji, naomba wiki mbili." Mfanye hapohapo mazoezi ya maneno atakayosema. Wewe uwe mkopeshaji, na uwe mkali kidogo.

Kosa la kawaida: kutoa hela. Najua moyo unavyouma. Lakini ukishamlipia rejesho, wiki ijayo anakuja kwa mkopeshaji wa pili. Kituo kikiwa na utaratibu wa nauli, uwe utaratibu wa wateja wote, utolewe na mhasibu.

8. Mrudishe kwenye shughuli, kidogo kidogo

Kikao cha tatu. Mtu aliyekata tamaa husubiri apate nguvu ndipo aamke. Kwenye kazi hii mambo yanaenda kinyume: anafanya kidogo, nguvu inafuata. Muulize alikuwa anapenda nini na anawajibika kwa nini kabla hajazidiwa. Chagueni kimoja cha raha na kimoja cha wajibu, kisha mkikatekate. Siyo "nitarudi kwaya", bali "Jumamosi saa kumi nitasimama nje ya kanisa nisikilize mazoezi, kisha nirudi". Siyo "nitasafisha nyumba", bali vyombo vya leo tu.

Zoezi likiwa dogo mpaka mteja anacheka, ukubwa ni sawasawa.

9. Watu wa karibu, kisha kuagana

Kikao cha nne mnatafuta nani anaweza kubeba nini: mmoja wa kuongea naye, mwingine wa kushika mtoto, mwingine wa kumsindikiza kliniki. Mtu mmoja asibebeshwe yote.

Kikao cha tano, PHQ-9 tena. Alama zikishuka, muulize yeye alifanya nini zikashuka, aandike au akariri. Mpangie dalili za mapema za kurudi nyuma na atafanya nini akiziona. Kama yule mama anajua kwamba masika yajayo yatamletea mzigo wa kuloa, mpango wa masika uandikwe sasa. Agana naye vizuri, na usimpe namba yako binafsi.

Mambo yakikwama

*Harudi kikao cha pili.* Usianze na "hayuko tayari". Tazama ratiba yako. Mvuvi wa dagaa yuko majini usiku wa giza na taa zake, mchana amelala. Mpangie siku za mbalamwezi, kazi inapopumzika. Wa Ukerewe anategemea chombo cha majini, mpe saa inayomruhusu kurudi. Watu wa Sengerema daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea foleni ya kivuko, ila nauli ipo palepale.

*Anazungumza Kisukuma tu, wewe hujui.* Mkalimani asiwe mtoto wake, mume wake wala jirani. Muandae mkalimani nusu saa kabla: atafsiri kila neno, asitoe ushauri wake, na yeye asaini fomu ya kutunza siri. Wewe mtazame mteja, siyo mkalimani.

*Anakwenda pia kwa mganga au kwenye maombi.* Usishindane nao. Uliza anapata nini kule, na kama kuna dawa za kunywa, azitaje. Pale unaposimama kidete ni kama ameambiwa aache dawa za hospitali, amefungwa kamba au anapigwa.

*Mume yuko mlangoni anataka kujua.* Mkaribishe kwa heshima, mweleze huduma ni nini kwa ujumla, usimweleze kilichosemwa. Usikiri wala kukana. Ukihisi kuna kipigo nyumbani, usimpe mteja karatasi ya kubeba.

*Analia muda mrefu.* Nyamaza. Sogeza tishu, subiri. Anayesema "usilie mama" mara nyingi anajitetea mwenyewe.

*Amefanya vizuri wiki tatu, ghafla ameporomoka.* Tazama kalenda. Huku kwetu zipo tarehe zinazorudi na watu wake: 21 Mei, ilipozama meli ya MV Bukoba mwaka 1996, na 20 Septemba, kilipopinduka kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara mwaka 2018. Mtu wa Igoma anayepita kila siku kwenye makaburi ya waliokufa Mei ile huenda hakukutajia hata mara moja. Uliza. Akiwa hawezi kupanda chombo, anaota maji na anashtuka kwa mawimbi, vikao 5 havitamtosha. Anahitaji tiba ya kiwewe, mpe rufaa.

*Alama hazishuki hata kikao cha nne.* Peleka rekodi kwa msimamizi kwanza, kisha rufaa kwa daktari. Huenda anahitaji dawa pamoja na mazungumzo, na kumwambia hivyo siyo kushindwa kwako.

*Wewe ndiye huna usingizi.* Mwambie msimamizi kwenye kikao kijacho, kikiwa cha kwanza kwenye ajenda. Punguza wateja mpaka watatu kwa siku. Nane kwa siku nimeona zikiandikwa kwenye ripoti za wafadhili, sijaona zikifanyika vizuri.

*Umehamishwa kituo katikati ya vikao.* Mjulishe mteja kabla hajasikia kwa wengine, mkutanishe na mnasihi mpya chumba kimoja, ninyi watatu, angalau mara moja. Mafaili yanabaki kituoni kwenye kabati, na ufunguo unaukabidhi kwa maandishi.